Jinsi ya Kukusanya Tochi za Kale za Kijeshi Ukiwa Mwanza

Rangi ya kijani peke yake haiifanyi tochi kuwa ya jeshi. Ninaanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililonigharimu shilingi elfu ishirini na tano nilipokuwa mgeni kabisa katika jambo hili. Kwenye meza moja ya mitumba niliuziwa tochi nzito ya bati ambayo muuzaji aliapa kwamba ilirudi na askari kutoka Burma. Nilipofika nyumbani nikafungua mfuniko wa nyuma, nikakuta rangi imekomea pale nyuzi za kufungia zinapoanzia, na chini yake kukiwa na mng'aro wa tochi ya kawaida ya dukani, ya aina ambayo karibu kila mtumbwi wa ziwa hili uliwahi kuwa nayo. Mtu alikuwa ameipaka rangi ya mlango. Tangu siku hiyo ninaifungua tochi kwanza, kisha ndipo ninapoisikiliza hadithi yake, na utaratibu huo ndio nitakaoueleza hapa kwa ajili ya mtu yeyote wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Musoma au Bukoba anayetaka kuanza.

Umbo la tochi na sababu yake

Tochi ya mkononi ni chombo cha mwisho wa karne ya 19. Betri kubwa ya duara ya volti 1.5, ile ambayo wazee wetu waliiita jiwe la tochi, ilitolewa na kampuni ya Marekani ya National Carbon mwaka 1898, na tarehe 10 Januari 1899 David Misell alipewa hataza ya Marekani namba 617,592 kwa taa ya umeme yenye umbo la bomba la kushika mkononi. Betri za wakati huo zilichoka upesi, kwa hiyo taa zenyewe ziliwashwa kwa kumulika kidogo na kuzimwa. Mtu akikuonyesha tochi na kudai kwamba ilitumika wakati Waingereza walipoiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916, dai lake si la kuchekwa, lakini ni dai zito, nalo linahitaji ushahidi mzito kuliko maneno ya sokoni. Vitu ambavyo mkusanyaji anaweza kutarajia kuvipata ni vya Vita Kuu ya Pili na vya miaka iliyofuata.

Askari alihitaji mambo matatu ambayo mnunuzi wa dukani hakuyajali sana. Kwanza alihitaji mikono yake miwili ibaki huru, na hapo ndipo lilipotumika umbo ambalo watu wengi hulitambua mara moja, yaani tochi iliyosimama wima yenye kichwa kinachotazama mbele kwa pembe mraba, na klipu ya chuma mgongoni ya kuipachika kwenye mkanda au mfuko wa shati. Pili alihitaji kuweza kutoa ishara, ndiyo maana tochi nyingi za aina hii zina kitufe kidogo kando ya swichi, ambacho taa huwaka kinapobonyezwa na kuzimika kinapoachwa. Tatu alihitaji mwanga usiomharibia macho yake mwenyewe. Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: aliyekodolea macho karabai, akigeuka kutazama gizani haoni hata ukingo wa mtumbwi wake. Jicho huchukua takribani nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mweupe wa sekunde chache hulirudisha mwanzo, ilhali chembe za jicho zinazoona gizani haziathiriwi sana na mwanga mwekundu ulio hafifu. Hiyo ndiyo kazi ya vioo vyekundu unavyovikuta ndani ya tochi hizi, na ukivikuta vingali mahali pake, shukuru, kwa sababu ndivyo vinavyopotea kwanza.

Tochi ya Marekani inayojulikana kuliko zote za Vita Kuu ya Pili ni TL-122. Herufi inayofuata jina hilo ndiyo inayokueleza umeshika nini. TL-122-A ni ya shaba ya manjano iliyopakwa rangi. TL-122-B ni ya plastiki, kwa kuwa shaba ilikuwa ikihitajika mno kwa maganda ya risasi. TL-122-C iliongezewa mipira ya kuzuia maji, na TL-122-D ikapewa nafasi ya kuwekea glopu ya akiba chini. Zote zinatumia betri mbili kubwa. Warithi wake ni MX-99/U na MX-991/U, zilizoonekana sana wakati wa vita vya Vietnam. Ya pili ina swichi iliyokingwa kwa masikio mawili ili isijiwashe ikigusana na kitu, na mfuniko wa chini wenye sehemu ya kuhifadhia vichujio vya rangi. Kuwa mwangalifu na MX-991/U. Iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi baada ya Vietnam, kwa hiyo jina hilo lililochapwa ubavuni halithibitishi vita vyovyote.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Tochi zao nyingi ni kiboksi bapa cha chuma, chenye betri bapa ya volti 4.5 ndani na ulimi wa ngozi wenye tundu la kifungo nyuma, ili askari aitundike kwenye kifungo cha koti lake. Mbele kuna vitelezi vinavyosukuma vioo vya rangi mbele ya glopu. Telko Trio ya kampuni ya Daimon ya Berlin ndiyo maarufu zaidi. Uholanzi ilitoa kitu ambacho mimi binafsi nakipenda kuliko vyote, tochi ya dinamo ya Philips isiyo na betri kabisa, ambayo huwaka kadiri unavyoiminya kwa kiganja. Waholanzi waliipa jina lenye maana ya paka wa kuminywa, kwa sababu ya mlio wake. Ilipendwa kwa sababu betri zilikuwa adimu wakati wa vita.

Kuzisoma alama

Hapa ndipo pa kutumia muda. Beba lenzi ndogo ya kukuzia na sumaku, hata ile iliyong'olewa kwenye spika iliyokufa, kwa sababu sumaku ikikataa kushika tochi nzito iliyopakwa rangi ya kijani, huenda umeshika shaba, na hilo linabadilisha mazungumzo yote.

Alama ya mali ya serikali ya Uingereza ni mshale mpana, yaani mistari mitatu mifupi inayokutana juu kama unyayo wa kuku. Nchi zilizopigana upande wake zilikuwa na namna zao: mshale ndani ya herufi C ni wa Kanada, mshale ndani ya U ni wa Afrika Kusini, na mshale kati ya D mbili ni wa Australia. Herufi A na M zenye taji juu yake ni za Wizara ya Anga ya Uingereza. Alama ya U yenye mshale haipaswi kukushangaza katika ukanda huu, kwa kuwa wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana Afrika Mashariki katika vita vyote viwili. Ukikuta ndani ya tochi ya Kiingereza maandishi ya U2, hiyo si namba ya kikosi wala ya manowari. Ni jina la zamani la Kiingereza la betri kubwa ileile ya volti 1.5. Nimeshasikia mtu akilijengea hadithi ndefu.

Kwenye vitu vya Marekani, angalia namba za ghala kwenye boksi au lebo, zinazoanza na 6230, ambalo ni kundi la taa za umeme za kubebeka. Kabla ya mwaka 1974 namba hizo zilikuwa na tarakimu 11. Baadaye zikawa 13, kwa kuongezwa tarakimu mbili za nchi baada ya zile nne za mwanzo. Namba ya MX-991/U ni 6230-00-264-8261, na hizo sifuri mbili za kati ni alama ya Marekani, kama ambavyo 99 ni ya Uingereza na 12 ni ya Ujerumani. Muuzaji anayesema boksi lenye tarakimu 13 lilitoka Vietnam mwaka 1968 amekosea, hata kama hana nia mbaya. Namba ya mkataba inayoanza na DSA ni msaada mwingine mkubwa, kwa sababu tarakimu mbili zinazofuata kistari cha pili ni mwaka wa fedha: DSA-400-68 ni mkataba wa mwaka 1968.

Kwa tochi za Kijerumani, herufi DRGM zimewapotosha wengi. Zinamaanisha tu kwamba muundo umesajiliwa katika dola ya Ujerumani ya zamani, na utazikuta hata kwenye vifaa vya jikoni. Kwa upande wa pili, herufi VEB ni za kiwanda cha umma cha Ujerumani Mashariki, nchi iliyozaliwa mwaka 1949, kwa hiyo tochi yenye VEB haikuweza kumwona Hitler. Jeshi la Ujerumani Mashariki lilitumia viboksi vya vitelezi vya rangi vinavyofanana sana na vya wakati wa vita, na hivyo ndivyo vinavyouzwa kwa bei ya ndugu zao wakubwa. Si vibaya kuvikusanya, mradi uvilipie bei yake halali.

Baada ya alama, tazama uchakavu. Tochi iliyobebwa miaka mingi huchakaa pale mkono unaposhika, pale klipu inapokwaruza, na kwenye ukingo wa chini inapowekwa mezani. Rangi iliyolika sawasawa kila mahali imelikwa na msasa.

Pa kutafutia

Mtaa wa Makoroboi hapa mjini ulipata jina lake kwa mafundi waliotengeneza taa za mafuta kwa mabati chakavu, na mpaka leo mtu anayetafuta taa ya kale hakosei akianzia huko, akauliza, akaendelea hadi Mlango Mmoja na mwalo wa Kirumba. Hata hivyo, mimi vitu vyangu vizuri nimevipata kwa watu wa aina mbili tu. Wa kwanza ni mafundi redio wenye umri mkubwa, ambao droo zao hazijawahi kusafishwa. Wa pili ni wanunuzi wa chuma chakavu. Shaba inanunuliwa kwa kilo, kwa bei nzuri kuliko chuma, na tochi ya shaba ikishafika kwenye mzani ina siku chache za kuishi kabla ya kuyeyushwa. Mwachie mnunuzi huyo namba yako ya simu, mwonyeshe picha ya umbo unalolitafuta, na mwahidi bei iliyo juu ya ile ya kilo. Ahadi hiyo uitimize hata siku anapokuletea kitu usichokihitaji sana, la sivyo hatakupigia tena.

Kufungua tochi iliyoganda

Tochi uliyoipata kwenye chuma chakavu itakuwa na betri ndani, na betri hizo zitakuwa zimevuja. Nitaeleza jinsi nilivyofungua TL-122-A yangu, kwa kuwa kazi hiyo ilinichukua siku tatu na haikuvunja kitu.

Mfuniko wa chini haukuzunguka kabisa. Niliisimamisha tochi kichwa chini, nikadondosha mafuta ya taa tone kwa tone kwenye mshono wa mfuniko, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi niliuvingirisha mfuniko kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na mwili nao kipande kingine, nikazungusha kwa mikono mitupu: nywele moja mbele, nywele moja nyuma, tone jingine la mafuta, kisha tena. Usitumie plaizi. Meno ya plaizi huacha majeraha kwenye shaba ambayo hakuna dawa itakayoyaondoa, na mkusanyaji yeyote atakayeishika tochi hiyo baada yako ataujua ubishi wako. Ikiwa ni ya shaba unaweza kuuchovya mfuniko kwenye maji ya moto ili upanuke. Ikiwa ni ya plastiki usithubutu, kwa maana plastiki za wakati ule hupinda kwa joto na hazirudi.

Mfuniko ulipotoka, kilichoonekana ni unga mweupe uliochanganyika na kijani, mgumu kama saruji, na kitako cha betri kilichofura hadi kugusa kuta. Kishawishi cha hapo ni kuigonga tochi mezani, au kuingiza chuma kutoka upande wa kichwa na kupiga nyundo. Ukifanya hivyo utavunja kiti cha glopu. Betri za zamani za zinki na kaboni huvuja kitu chenye asili ya tindikali, kwa hiyo nilikoroga bikabonati ya soda katika maji ya vuguvugu, nikamimina kijiko kimoja ndani, nikangoja povu litulie, nikamwaga, nikarudia mara nyingi. Kama tochi ilitumiwa karibuni na betri zake ni za alkalini, mambo yanageuka, kwani uvujaji wake ni wa kuunguza kama magadi, na kinachofaa ni siki au maji ya limau. Siku ya pili nilizungusha skrubu ndefu ya mbao katikati ya kitako cha betri, taratibu, hadi ikashika vizuri, nikaifunga waya na kuvuta huku mwenzangu akiushikilia mwili wa tochi. Betri ya kwanza ilitoka jioni ile, ya pili kesho yake.

Kazi hii ifanywe nje, kwa glovu, na vumbi lisivutwe puani, kwa sababu betri nyingi za zamani zilitiwa zebaki. Mabaki yafungwe kwenye kopo lenye mfuniko. Yasichomwe, yasitupwe kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yote ya mji huu inajua njia moja tu, ya kwenda ziwani.

Karatasi ya betri usiitupe. Ile niliyoibandua kwa uangalifu ilikuwa ya National, zile betri zilizotengenezwa Dar es Salaam, na kipande hicho cha karatasi kilichooza nusu kiliniambia jambo ambalo alama za chuma zisingeweza kuniambia: tochi hii ya miaka ya 1940 ilikuwa ikimulikia nyumba ya mtu Tanzania huru, miaka mingi baada ya vita vyake kwisha. Nimeihifadhi katika bahasha pamoja na tochi yenyewe.

Usafi mwingine uwe mdogo. Sugua ncha za shaba zinazopitisha umeme kwa kifutio cha penseli, futa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Majivu na limau, dawa yetu ya siku zote ya kung'arisha sufuria, itakupa tochi inayong'aa kama ya harusi na kuondoa mabaki yote ya rangi ya asili, ambayo ndiyo uliyoyalipia. Plastiki isiguswe na petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa kuwa baadhi huyeyuka.

Kuiwasha tena

Tochi za Marekani nilizozitaja hutumia glopu yenye kola bapa, isiyo na nyuzi. Ya kawaida ni PR-6, ya volti 2.47 na ampea 0.3. Za Kijerumani na za Kiingereza mara nyingi hutumia glopu ndogo ya kuzungusha. Glopu ya kuzungusha ya volti 2.5 bado hupatikana katika maduka ya zamani ya vifaa vya umeme, ila usijaribu kuilazimisha ikae kwenye kiti cha glopu ya kola. Ukiamua kutumia glopu ya LED, kumbuka kwamba hiyo huchagua chanya na hasi, na kwamba glopu ya asili lazima ibaki ndani ya bahasha yake.

Betri bapa ya volti 4.5 ni ngumu kupatikana katika maduka ya Mwanza. Funga betri tatu ndogo za kalamu kwa mfululizo ndani ya kikasha cha plastiki, kisha weka ndimi mbili za bati jembamba la shaba, fupi ikiwa chanya na ndefu ikiwa hasi, kama ilivyokuwa kwenye betri ya asili. Mpira wa kuzuia maji uliokauka unaweza kukatwa upya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ikiwaka, furahi dakika mbili, kisha zitoe betri. Betri iliyosahauliwa ndani imeua tochi nyingi kuliko vita.

Ushuhuda wa nyumbani

Hadithi ya muuzaji haiingii kwenye bei. Hadithi ya mwenye tochi ni jambo jingine kabisa, na hasa kwa vitu vya vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katikati ya hayo, ndege ya Libya iliyotumwa kuishambulia Mwanza iliangusha mabomu yake kisiwani Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Wengi walioitwa kujiunga na jeshi wakati huo walikuwa wanamgambo. Tochi ya dukani iliyokwenda Kagera katika mfuko wa mwanamgambo haina mshale wala namba ya ghala. Kitu pekee kinachoitofautisha na nyingine elfu moja ni kinywa cha mtu aliyeibeba, na watu hao wanazidi kuzeeka.

Ukienda kwa mzee wa namna hiyo, nenda na mtu anayemfahamu, wala usianze na bei. Nilimtembelea mmoja upande wa Magu, nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, karibu kiti," tukazungumzia mvua na pamba kwa saa nzima kabla hajamtuma mjukuu wake ndani kuleta kitu kilichofungwa kwenye kanga. Ilikuwa tochi ya betri tatu, ya bati, yenye kibonyeo ubavuni. Nilipomuuliza kibonyeo kimetoka wapi, alicheka akasema, "Hicho si cha vita. Hicho ni cha bibi yako, aliirusha kwa nyoka." Muuzaji angesema ni risasi.

Uliza maswali mafupi yenye jibu moja: nani alikupa, mwaka gani, ulikuwa kikosi gani, ulipokuwa Uganda ulikuwa mji gani, betri ulizipata wapi. Andika jibu kama lilivyotamkwa, hata kama lina Kisukuma ndani yake, na linganisha na tarehe zinazojulikana baadaye, ukiwa nyumbani, si mbele yake. Mzee akiwa hataki kuuza, piga picha, andika, shukuru, ondoka. Tochi ya Magu bado iko Magu, na kadi yake ni miongoni mwa kadi zangu bora.

Mipaka ya sheria

Kusanya taa, usikusanye matatizo. Mwezi Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, na tangazo hilo linatosha kumkumbusha mkusanyaji kwamba mali ya jeshi letu la sasa si ya kuuzwa mitaani. Ukiletewa tochi yenye alama za JWTZ, au ikiwa imefungashwa pamoja na sare, mikanda au mikoba, usiinunue. Vilevile usiende kuchimba katika maeneo ya mapigano ya Kagera. Chuma kilichozikwa vitani kinaweza kuwa bomu lisilolipuka. Dira na saa za kijeshi zenye maandishi yanayong'aa gizani, ambazo wauzaji hupenda kuziweka kwenye fungu moja na tochi, huenda zimepakwa radiamu. Usizifungue wala kukwaruza maandishi yake.

Kuhifadhi karibu na ziwa

Unyevu ndio adui wa kila siku. Nyumba iliyo Capri Point au Igogo, inayopigwa na upepo wa ziwa usiku kucha, haifai kuwa na kabati la tochi kwenye ukuta wa upande wa maji. Weka tochi katika masanduku ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na vikaushe kila baada ya masika na vuli. Mifuniko ya nyuma isikazwe hadi mwisho. Ulimi wa ngozi wa tochi ya Kijerumani hupata ukungu haraka. Ufute kwa kitambaa kikavu na usiupake mafuta mengi, kwani mafuta hulainisha ngozi hadi mishono ikaachia. Tochi za plastiki zisiwekwe dirishani wala kuachwa ndani ya gari juani.

Kila tochi iwe na kadi yake iliyoandikwa kwa penseli na kufungwa kwa uzi, si kwa gundi. Juu ya kadi ninaandika namba, siku niliyoipata, mtu aliyenipa, bei, alama zote kama zilivyo pamoja na mahali zilipo, na chini yake, baada ya mstari mnene, ninaandika kile nilichoambiwa. Sehemu hizo mbili sizichanganyi. Kama tochi imetoka kwa familia, nakala ya kadi hurudi kwa familia hiyo, na mara mbili sasa nimepigiwa simu na mjukuu aliyesoma nakala hiyo, akanisahihisha jina la kijiji.